Panya Mweupe wa Mstari Wetu

Panya nawaonea kinyaa, na niseme hivyo mapema ili tusisumbuane. Siwaogopi, kuogopa ni habari nyingine. Mtu anayeniambia panya ni kiumbe wa Mungu kama wengine hajawahi kuuza mchele. Hajawahi kuokota mavi yao kwenye ungo, kidonge kimoja kimoja, uso ameuinamisha mpaka pua inakaribia kugusa punje. Hajawahi kufungua gunia la mchele wa Kyela, ule unaonukia wenyewe kabla haujapikwa, akakutana na harufu ya mkojo. Harufu ile haitoki. Unaanika, unapepeta, unabadilisha kiroba, bado ipo, na mteja ataisikia siku atakapofunua sufuria mbele ya wageni wake.

Uso nauinamisha kwa sababu macho yangu hayaoni mbali. Nimezaliwa na ualbino. Navaa kofia ya pama na mikono mirefu mwaka mzima, napaka mafuta ya jua hata siku ya mawingu, na macho yangu hayatulii, yanacheza huku na huku kama yanatafuta kitu kilichodondoka. Nikikatiza Mnazi Mmoja kwenda mjini, hapakosi kijana wa kuniita dili, na mwenzake akacheka. Mtu wa hapa hahitaji kufafanuliwa. Dili ni biashara, na biashara yenyewe ni viungo vyangu, kwamba eti kuna wajinga watavinunua wapate utajiri. Namtukana na naendelea na safari yangu. Mdomo wangu hauna breki, namshukuru Mungu kwa hilo.

Lakini nikishaingia mstari wetu pale Kariakoo, hayo yote nilikuwa nayaacha barabarani. Mstarini mimi nilikuwa muuza mchele. Nilikuwa mama mkali mwenye mizani ya haki, basi. Watu waliazima kiti changu, walinisengenya, walinikasirikia nilipopaki mzigo mbele ya milango yao, na yote hayo niliyapenda kwa sababu walivyonifanyia mimi ndivyo walivyofanyiana wao. Sikuja Bongo kutoka Moshi kutafuta kingine zaidi ya hicho. Faida inapatikana hata Arusha.

Mzee wa duka la kona, anayeuza sukari na mafuta, ndiye aliyenipokea. Alikuwa kama mwenyekiti wetu, ingawa hatukumchagua. Kila asubuhi, kabla hajafungua kufuli lake la pili, alikuja mlangoni kwangu. Namwamkia, "Shikamoo mzee," anaitikia marahaba, halafu ananyoosha mkono na kusema, "Lete mkono, mwanangu, siku ianze." Namshika mkono, anauminya kidogo, anarudi kwake. Miaka tisa, isipokuwa Jumapili. Baba yangu mwenyewe hakuwahi kunishika mkono kila siku. Kaka yangu, ambaye naye alizaliwa kama mimi, alipofariki kwa saratani ya ngozi, tulimzika nyumbani na tukamwaga zege nene juu ya kaburi ili asije mtu kumfukua. Huyu mzee ndiye aliyechanga saruji, mifuko kumi, na akasafiri kuja kuzika. Alilia pale kaburini kuliko wajomba zangu.

Sasa panya. Maduka yetu ni saba, na kuta zinazoyagawa hazifiki juu. Dari ni moja. Panya akiingia duka la kwanza ameshaingia yote, kwa hiyo tuna desturi yetu ya tangu zamani: sumu inategwa na wote, siku moja, Jumamosi wakati wa kufunga, na Jumatatu asubuhi wote tunafagia mizoga. Ukitega peke yako unajisumbua, wanahamia kwa jirani na kurudi wiki ijayo na watoto. Mzee ndiye anayetangaza siku. Anapita mlango hadi mlango, anasema Jumamosi hii, na hakuna anayebisha.

Mwaka wangu wa tisa mstarini walibomoa nyumba ya zamani iliyokuwa nyuma yetu ili wajenge ghorofa. Tingatinga lilimaliza kazi siku mbili, na panya wote waliokuwa wameishi chini ya ile nyumba tangu enzi za bibi zetu wakahamia kwetu. Loh! Nilikuwa nasikia dari inatembea saa nne asubuhi, wateja wamejaa. Walikojoa juu, mkojo ukapenya kwenye mbao na kudondoka kwenye meza yangu ya kupimia. Niliifuta kwa dawa ya madoa mpaka vidole vikachubuka. Mchana chakula kilikuwa hakinipandi. Nilikuwa nikiona wali kwenye sahani ya mtu, naanza kutafuta kitu cheusi.

Nikasubiri mzee atangaze siku ya sumu. Hakutangaza. Nilipomuuliza, akaniambia kwa sauti ya chini, mtu mzima yule, macho yanamng'aa, kwamba ameonekana panya mweupe.

Nilimwambia kama ni mweupe basi atakufa kwa urahisi zaidi, maana anaonekana. Hakucheka. Alinieleza kwamba siku aliyomwona mara ya kwanza, kwenye boriti ya kona, aliuza sukari mpaka stoo ikabaki sakafu. Muuza maharage naye alimwona, na siku hiyohiyo lori lake lililokuwa limekwama njiani likafika. Mstari mzima ulikuwa umeshaamua. Yule panya ni bahati yetu, ametumwa. Na kwa kuwa sumu haichagui, sumu isitegwe kwanza.

Kha! Nilidhani wananitania. Kesho yake nikaona kisahani cha mchele juu ya kabati la mzee, na juu ya mchele yai la kuchemsha limemenywa. Watu wazima wenye leseni za biashara wanamchemshia panya yai. Na mchele wenyewe ni wangu, kilo mbili alizonunua asubuhi huku akinisifia kwamba ni msafi.

Nilimwona mwenyewe wiki hiyo. Kwa macho yangu haya, panya wa kawaida ni kivuli kinachokimbia, lakini huyu alisimama kwenye gunia mkono mmoja kutoka usoni kwangu, na nikamwona wote. Manyoya meupe yaliyochafuka njano kwa mkojo wa wenzake. Sikio moja limeng'atwa. Mkia mnene, wa waridi, una magamba, umelala juu ya mchele wangu. Macho yalikuwa mekundu, na kichwa alikuwa anakipeleka kushoto na kulia, kushoto na kulia, taratibu. Alikuwa ananitafuta. Alisikia kwamba kuna mtu ila alikuwa haoni vizuri. Mimi natazama hivyohivyo nikitaka kusoma kibao cha duka ng'ambo ya barabara, mama yangu alikuwa ananikataza nilipokuwa mdogo. Kinyaa kilinijaa, na sikujua kama ni kwa ajili yake au kwa ajili yangu. Nikampiga na ungo. Nikamkosa.

Nina mteja wa Upanga, mama wa Kihindi, mwalimu mstaafu wa baiolojia, ambaye huchagua mchele akiwa amevaa miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani. Nilimwuliza kuhusu yule panya, kwa sauti ya kutosha ili jirani zangu wasikie. Akasema hakuna ajabu. Baba na mama wake ni panya wa kawaida kabisa wa kahawia, kila mmoja amebeba kitu kilekile kilichojificha, na kwa huyu kikakutana. Wapo kila mahali, ila porini hawakai, kwa sababu bundi na paka wanawaona haraka na wao hawaoni vizuri kukimbia. Huyu amedumu kwa sababu anaishi darini na analishwa. Halafu akanitazama, akashusha sauti, akasema, "Usimkasirikie, wewe unajua zaidi yangu." Nilimwongezea nusu kilo. Majirani walisikia yote, na kesho yake yai lilikuwa pale pale.

Habari zikatembea. Akaja mwanamke kutoka Mchikichini, anauza viatu vya mitumba, hatumjui, akauliza kama ni hapa kwenye yule panya. Alitaka manyoya kidogo tu, ayashonee kwenye mkoba wake wa chenji. Mzee akamwambia kwa upole kwamba panya ni mzima, hanyonyolewi, arudi siku nyingine. Wote wakacheka. Yule mwanamke naye akacheka, akageuka kuondoka, na akiwa anageuka akaniona mimi. Alinitazama kuanzia kwenye kofia mpaka kwenye viatu. Nilimwuliza kama anataka mchele, akasema hapana mama, akaondoka. Nilikaa ndani mpaka jioni, na sikumwambia mtu.

Sasa unaweza kusema ningevumilia tu, panya ni panya. Nilijaribu. Lakini nilikuwa na mteja wa jumla, mama mwenye mgahawa, ambaye alishanirudishia gunia moja na kuniambia kwamba la pili likirudi, harudi na yeye. Siku aliyokuja kuchukua mzigo wake nilichoma bambo kwenye gunia, lile bomba la chuma tunalotolea sampuli, ili aone punje. Bambo lilitoka na mchele, na nyama. Nililifungua gunia palepale mbele yake. Katikati ya mchele kulikuwa na kiota cha nyuzi za viroba vya sandarusi, na ndani yake watoto wanane, wekundu, hawana manyoya, macho yamefumba, wanajinyonganyonga. Wa tisa ndiye niliyemchoma. Wakiwa wachanga huwezi kujua yupi atakuwa mweupe na yupi wa kahawia. Wote walikuwa na rangi moja ya kidonda. Nilitapika nyuma ya mizani. Nilipoinuka, mteja alikuwa ameshaondoka, na mpaka leo hajarudi.

Nilienda kwa mzee na bambo langu mkononi. Nikamwambia Jumamosi hii ni sumu, atake asitake. Akanisihi nisubiri mpaka sikukuu zipite, biashara imechangamka, tusiikate mguu. Akaniambia nisamehe hasara ya gunia moja kwa ajili ya wenzangu saba. Nikamkumbusha kwamba tuko saba pamoja na mimi. Akasema, ndiyo, ndiyo, bila shaka.

Ijumaa niliwahi mno. Mzigo wangu ulikuwa unaingia alfajiri, na nilikuwa ndani ya duka mlango nusu, napanga viroba, wakati mzee alipofika. Hakujua kama nipo. Nilimsikia akifungua kufuli la kwanza, la mlango mdogo, akivuta kile kiti chake cha plastiki, akipanda. Nikapanda juu ya viroba, nikachungulia juu ya ukuta unaotugawa, pale dari inapopita. Sikuona uso wake, niliona mkono tu. Ulikuwa umeshika boriti, mahali panya anapopitia, pale palipochafuka mafuta ya miili yao. Aliipapasa. Halafu nikamsikia anasema, kwa sauti ileile ninayoijua, laini, ya kiungwana:

"Haya, mwanangu. Siku ianze."

Akashuka. Akafuta mkono kwenye shati. Nikaufungua mlango wangu wote, na baada ya dakika mbili akaja, akaunyoosha mkono uleule.

Nami nilimpa wangu. Nitasema ukweli, nilimpa. Miaka tisa ya mazoea inautoa mkono kabla kichwa hakijakataa. Akauminya, akarudi kwake akiwa mwepesi, na mimi nikaenda bombani nikanawa mpaka kwenye viwiko. Nilinawa mara tatu. Nilikuwa nahesabu asubuhi zote zile, mvua na jua, kwaresima na mfungo, hata ile ya wiki niliyotoka kumzika kaka, na kila moja niliyoifikia niliitazama upya na ilikuwa inanuka. Hakuwahi kumshika mkono muuza maharage. Kwa nini sikuwahi kujiuliza hilo? Nilijua jibu. Sikutaka kujiuliza.

Jumamosi wakati wa kufunga nilitega sumu peke yangu. Niliichanganya na dagaa na unga, nikainua magunia yote juu ya mbao, nikatawanya kila kona, na nyingine nikairusha darini kwa kijiko kirefu. Sikumwambia mtu. Jumapili nilienda kanisani na sikusikia mahubiri.

Jumatatu walikuwa kumi na wanne kwenye sakafu yangu. Nilivaa glavu za njano za kuoshea choo, nikafunga kitambaa puani. Harufu ya panya aliyekufa ni tamu, na huo utamu ndio unaokukalia kooni siku nzima. Wale wa kahawia niliwazoa kwa koleo na kuwatia kwenye mfuko. Mweupe alikuwa peke yake karibu na mlango, ubavuni, damu kidogo puani. Alikuwa mdogo kuliko nilivyomkumbuka. Nilitaka kumzoa kama wengine. Nikasimama na koleo mkononi.

Mzee alikuwa ameshafika. Alimwona chini, akashika kichwa, akakaa kwenye kiti bila kuvuta pumzi vizuri, na nilidhani atanitukana. Ningefurahi angenitukana. Badala yake akaniomba, kwa heshima zote, nisimtupe. Alisema kwa kuwa ameshakufa basi na iwe, lakini asiende bure. Tumgawane. Muuza maharage atapewa mguu, yule mwanamke wa Mchikichini atapewa manyoya, na yeye atachukua mkia tu. Alisema mguu. Alisema manyoya. Alikuwa ananionyesha kwa kidole pa kukata. Huyu ndiye aliyechanga saruji mifuko kumi.

Nilimwinamia yule panya, mimi, na kinyaa changu chote, nikamshika kwa mkono. Nikamfunga ndani ya kitambaa nilichokuwa nimevaa puani, mafundo mawili. Nikatoka. Mzee akaita, nikamsikia na sikugeuka. Nyuma yetu, kwenye lile ghorofa, walikuwa wanamwaga zege la nguzo tangu asubuhi, mashine inaunguruma, vijana wanapandisha ndoo kwa ndoo. Nikapita kwenye mlango wa mabati na kofia yangu na glavu zangu za njano, na fundi mkuu akapaza sauti kwamba hapa haingii mtu. Nikamwambia nina kitu kidogo cha kutupa. Akatazama kitambaa, akauliza ni nini. Nikamwambia panya. Akaniuliza kwa nini nisimtupe jalalani na wenzake.

"Kwa sababu jalalani watamchimbua," nilimwambia.

Sijui aliona nini usoni mwangu. Alisimamisha vijana, akanionyesha ile nguzo ambayo zege lake lilikuwa bado laini. Nikamdondosha katikati ya nondo. Wakamwaga ndoo mbili juu yake, na mtu mmoja akashindilia kwa chuma. Nililia, na nilijichukia kwa kulia, maana nilikuwa nanuka panya na nilikuwa namlilia panya. Kule Moshi, kwa kaka, tulimwaga zege lori zima. Hapa zilitosha ndoo mbili.

Niliporudi, mzee alikuwa bado kwenye kiti. Nilimwambia hayupo tena, asimtafute. Halafu akaguna, akatikisa kichwa, na usoni kwake kulikuwa na upendo, naapa, upendo wa kweli wa mtu anayejifariji na alichobaki nacho.

"Haya basi," akasema. "Tumebaki na wewe tu, mwanangu."

Siku hiyo nilifagia, nikamwaga dawa, nikauza kilo chache, nikafunga.

Jumanne niliwahi kuliko wote. Nilipanga kila kitu mwenyewe, nikaweka mizani, nikasimamisha bango la bei, na mwanamke mmoja wa chapati alikuwa ameshachukua kilo tano kabla jua halijagusa barabara. Nilikuwa napepeta mzigo wa pili, mikono yote miwili kwenye ungo, nilipoona shati la mzee mlangoni. Nikamwamkia, shikamoo mzee. Akaitikia marahaba. Akanyoosha mkono, akasema maneno yake.

Niliendelea kupepeta. Chenga zilikuwa nyingi, ilibidi niinamishe uso. Mkono ulibaki pale mbele yangu, safi, umekunjamana.

"Siku imeshaanza, mzee," nikamwambia.